Jina lako limo kwenye orodha usiyoijua, na kulitoa si kubonyeza tu

Hebu fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Chukua nambari yako ya simu, ile unayotumia kwa M-Pesa, iandike kwenye Google na uitafute. Kama hujawahi kufanya biashara yoyote, huenda usione kitu. Lakini kama uliwahi kuuza mitumba Litein, kufungua kinyozi Silibwet au kutembeza wageni kwenye mashamba ya chai ya Kericho wikendi, usishangae ukikutana na ukurasa wenye jina lako, nambari yako, ramani ya pale ulipokuwa umekodi chumba, na chini yake swali: je, biashara hii ni yako? Hukuuandika wewe, na aliyeuandika humjui. Biashara yenyewe labda ulishaifunga kitambo.

Hizo ndizo saraka za mtandaoni. Zamani saraka ilikuwa kazi ya mikono ya watu. Yahoo ilikuwa na yake hadi mwisho wa 2014, na DMOZ, iliyoendeshwa na watu wa kujitolea, ilifungwa Machi 2017. Ukitaka tovuti yako iingizwe, unaomba. Ukitaka itolewe, unamwandikia mhariri, binadamu kama wewe, naye anaamua. Saraka nyingi za leo hazina mhariri. Zina programu inayozunguka mtandaoni usiku na mchana ikikwangua majina na nambari kutoka Facebook, ramani za Google na popote inapopenya. Kisha saraka ya pili inanakili ya kwanza, ya tatu inanakili ya pili, na kosa moja linazaa ishirini.

Pesa inatoka wapi? Kwenye matangazo yanayozunguka jina lako, na kwenye vifurushi vya kulipia wanavyokuuzia ili ukurasa wako mwenyewe uonekane juu zaidi. Wewe ni chambo na mteja kwa wakati mmoja.

Na si wakwanguaji pekee wanaokuweka hadharani. Bodi za utumishi wa umma za kaunti huchapisha majina ya walioitwa kwenye mahojiano ya kazi, mara nyingine hata na nambari za vitambulisho. Orodha za wauzaji walioidhinishwa kwa zabuni huwekwa mtandaoni pia. Nia ni njema, uwazi, na hakuna anayetaka kazi za kaunti zirudi kugawanywa gizani. Lakini faili hiyo ikishapanda mtandaoni haina tarehe ya kushuka. Mahojiano yalifanyika, kazi ukaikosa, miaka inapita, na jina lako bado limo.

Kama wewe ni wa Nairobi, pengine unajiuliza kwa nini nazungumzia majani chai. Nitakuambia. Huku Kericho na Bomet kazi ya shambani ilikuwa ndiyo bima ya kijana aliyekosa kila kitu kingine. Bima hiyo imepungua. Mashine za kuchuna chai zimeingia mashamba makubwa, na mwaka 2023 jopokazi la Kaunti ya Kericho lilikadiria kuwa ajira 30,000 zilikuwa zimepotea katika muda wa miaka kumi kwa sababu yake. Mei mwaka huo hasira ililipuka, mashine zikateketezwa na vurugu zikasimamisha kazi kwa muda katika mashamba ya ekaterra. Aliyekosa shamba akageukia simu: kuuza nguo, kupeleka mizigo kwa bodaboda, kupiga picha harusi, kuuzia wageni mandhari ya kijani kibichi ambayo babu yake aliichuna kwa vidole. Duka lake ni nambari ya simu na jina. Ukivuruga hivyo viwili, umefunga duka.

Sasa tazama yanavyovurugika.

La kwanza ni la kawaida hadi watu wamelizoea. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kampuni ya simu. Unanunua laini mpya pale Kapkatet, na kumbe mwenye nambari wa zamani alikuwa na duka la dawa za mifugo lililoorodheshwa kwenye saraka nne. Simu zinaanza alfajiri. Ng'ombe wa mtu anaumwa, anataka ushauri, na wewe hujui hata dawa ya kupe. Ukimwambia amekosea, anadhani unamkwepa. Siku nyingine ni mtu anayedai alilipa mzigo na hakuupata, na yeye hachekeshwi na maelezo yako.

La pili linawaumiza zaidi waliojituma. Tuseme ulitengeneza tovuti ndogo ya kutembeza wageni, yenye jina linaloishia na .co.ke. Mwaka wa kwanza ukalipia. Mwaka wa tatu biashara ikawa ngumu, ukaacha. Jina hilo halifi. Likishapita muda wake wa kuhuishwa linarudi kwenye sajili ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, na yeyote anaweza kulinunua. Wapo wanaonunua majina ya zamani makusudi, kwa sababu saraka na injini za utafutaji bado zinawaelekeza watu huko. Mwezi mmoja baadaye, tovuti yako ya kutembeza wageni ni ukumbi wa kamari. Saraka haijui. Bado imeandika jina lako, picha yako ukiwa umesimama katikati ya michai, na chini yake kiungo kinachompeleka mteja kwenye mchezo wa bahati nasibu. Mchungaji wako akikifungua utaanzia wapi kujieleza?

La tatu linaanzia kwenye majina ya kampuni zenyewe. Mashamba ambayo wazee bado wanayaita ya Brooke Bond yalikuwa chini ya Unilever tangu iliponunua Brooke Bond mwaka 1984. Mwaka 2022 Unilever ilikamilisha kuiuzia CVC biashara hiyo ya chai, iliyokuwa tayari ikiitwa ekaterra, kisha ikaitwa Lipton Teas and Infusions. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba hayo yanauzwa kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo tayari ilikuwa imechukua yale ya James Finlay. Saraka hazihami kwa kasi hiyo. Jina la zamani hubaki, lenye nambari za zamani, na katika mwanya huo ndimo tapeli anapojenga kibanda chake: tangazo la "ajira kampuni ya chai", ada ndogo ya usajili, nambari ya kutuma pesa. Ikitokea nambari yako imebandikwa kimakosa kwenye ukurasa wa namna hiyo, vijana waliotapeliwa hawatamtafuta tapeli. Watakutafuta wewe, na Kericho si mji mkubwa.

Basi unaweza kufanya nini? Wengi hudhani hakuna. Sheria inasema kuna, na inasema waziwazi kuliko wengi wanavyofikiri.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaipa faragha hiyo meno. Sehemu ya 40 inakuruhusu kumtaka anayeshika data yako airekebishe kama si sahihi, imepitwa na wakati, haijakamilika au inapotosha. Pia unaweza kumtaka aifute kama hana tena ruhusa ya kuishika, kama haihitajiki, imezidi kiasi, au aliipata kinyume cha sheria. Kuna jambo moja humo ambalo watu hulipita haraka: kama aliwapa wengine data hiyo, anapaswa kuchukua hatua zote zinazofaa kuwaarifu kwamba umeomba irekebishwe au ifutwe. Yaani mzigo wa kufukuzana na nakala si wako peke yako.

Kanuni za 2021 zikaweka muda. Ombi la kufuta linapaswa kujibiwa ndani ya siku 14, ambazo kwa mchunaji chai ni kama mzunguko mmoja au miwili tu wa kurudi kwenye michai ileile. Asipojibu, unalalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ODPC, inayoongozwa na Immaculate Kassait tangu Novemba 2020. Ofisi ina siku 90 kukamilisha uchunguzi wa lalamiko lako. Hulipii kulalamika, unaweza kufanya hivyo mtandaoni, na kwa anayependa kuonana na mtu uso kwa uso, kuna ofisi za kanda, ikiwemo ya Nakuru.

Usidhani ofisi hiyo ni ya kutisha kwa maneno tu. Septemba 2023 ilizitoza faini taasisi tatu kwa mpigo. Kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizopata kwa wengine. Klabu ya Casa Vera, Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule ya Roma ya Uthiru, Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaenda mbali zaidi na kuamuru Worldcoin ifute data za kibayometria za Wakenya ndani ya siku saba, chini ya uangalizi wa ODPC. Kufuta kunawezekana. Si hadithi ya Ulaya.

Lakini tusidanganyane. Kati ya karatasi na ukurasa wako kuna milima.

Mlima wa kwanza ni kujua kama kilichoandikwa ni data yako binafsi. Sheria inamlinda mtu, haiilindi kampuni. Nambari ya ofisi ya kiwanda cha chai si ya mtu. Nambari ya kinyozi wa Silibwet ambaye biashara yake ni yeye, mkasi na kioo, hiyo ni ya mtu hata kama juu yake kumeandikwa jina la biashara. Kwa maoni yangu hapo ndipo ODPC inapaswa kusimama imara, kwa sababu biashara nyingi za vijana ni za namna hiyo. Saraka itakujibu, "Hii ni taarifa ya kibiashara." Wewe jibu: nambari hiyo ikipigwa, nani anapokea?

Mlima wa pili ni utetezi wa "uliiweka hadharani mwenyewe". Ni kweli sheria inaruhusu data kukusanywa bila kupitia kwako kama uliitangaza kwa makusudi. Ulibandika nambari kwenye Facebook mwaka 2019, si ndio? Ndiyo, ulibandika ili wateja wakupigie. Hukubandika ili mtu wa tatu ajengee ukurasa, aweke matangazo na auze nafasi juu yake. Sehemu ya 37 inakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake au ruhusa ya sheria. Na hata kama kuichukua wakati ule kulikuwa halali, kuendelea kuishika baada ya wewe kufunga duka ni jambo jingine.

Mlima wa tatu ndio mrefu kuliko yote, na hauna ujanja mwingi. Saraka haina anwani. Sheria inasema inamfunga hata asiye na makao Kenya, mradi anashughulikia data za watu walio Kenya. Vizuri. Lakini barua utaipeleka wapi? Ukurasa wa mawasiliano una fomu isiyotuma chochote. Mwenye tovuti amejificha nyuma ya kampuni ya usajili iliyo nchi nyingine. Faini ya juu kabisa ambayo Kamishna anaweza kutoza ni Sh5 milioni au asilimia moja ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo, na hakuna askari wa kuikusanya huko. Wa karibu hana kisingizio hicho. Blogu ya mtaani yenye orodha ya biashara za Bomet, inayoendeshwa na mtu mmoja na kompyuta ya mkononi, huenda imesamehewa kujisajili kwa ODPC kwa kuwa ina wafanyakazi chini ya kumi na mauzo ya mwaka chini ya Sh5 milioni. Haijasamehewa kuheshimu haki yako. Watu huchanganya hayo mawili, na wenye blogu wanapenda ubaki umechanganyikiwa.

Ndiyo maana mpangilio wa kuomba ni muhimu kuliko ukali wa maneno. Wengi huanzia Google, kwa sababu ndiko walikoliona jina lao. Google ikiondoa matokeo, ukurasa wenyewe bado upo, na programu za saraka nyingine zinaendelea kunywa maji kwenye kisima kilekile. Anzia kwenye kisima. Kama ni ukurasa wako wa zamani wa Facebook, ufute au toa nambari. Kama ni biashara kwenye ramani za Google, dai umiliki wake kisha uifunge, au tumia sehemu ya kupendekeza marekebisho na useme mahali hapo pamefungwa kabisa. Kama ni tovuti yako ambayo bado unaimiliki, itoe, au weka maagizo ya kuzuia injini za utafutaji zisiiorodheshe. Baada ya hapo iendee saraka. Google iwe ya mwisho: ina fomu ya kuomba matokeo yenye nambari ya simu au anwani ya nyumbani yaondolewe, na nyingine ya kuiarifu kwamba ukurasa umeshabadilika ila matokeo yake yanaonyesha ya zamani.

Kabla hujatuma lolote, piga picha ya skrini yenye tarehe na unakili anwani nzima ya ukurasa. Wakifuta kimyakimya kisha wakarudisha, utakuwa na ushahidi. Ujumbe wenyewe usiwe insha. Huu unatosha:

"Mimi ndiye mwenye nambari inayoonekana kwenye ukurasa huu, ambao anwani yake nimeiweka hapa chini. Sikuwapa idhini ya kuichapisha, na biashara mliyoitaja ilifungwa. Kwa mujibu wa Sehemu ya 40 ya Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, 2019, naomba mfute jina langu, nambari yangu na picha yangu, na muwaarifu wote mliowapa taarifa hizo. Nasubiri jibu lenu ndani ya siku 14."

Usiambatishe nakala ya kitambulisho. Nasema hivi kwa sababu baadhi ya saraka huomba, ati wathibitishe kuwa ni wewe. Tovuti ambayo humjui mwenyewe, iliyochukua nambari yako bila kukuuliza, sasa unaipa na sura yako na nambari ya kitambulisho? Kuthibitisha umiliki wa nambari, ujumbe mfupi kutoka kwa laini hiyohiyo unatosha. Na ukiona "lipia ili tukutoe", usilipe. Haki hiyo hainunuliwi kwa mwenye tovuti. Vilevile jihadhari na wale wanaojitangaza mitandaoni kwamba watafuta jina lako popote kwa elfu chache. Wanachofanya, wakifanya chochote, ni kujaza fomu zilezile unazoweza kuzijaza bila malipo ukiwa na bando la siku moja.

Fikiria pia kama kweli unataka kufutwa. Kijana anayepika chapati Kapsoit na kuuza kwa oda anataka kuonekana. Shida yake ni kuonekana vibaya, na dawa yake ni marekebisho: nambari mpya, saa sahihi, picha ya sasa. Sheria ileile inakupa hilo, na saraka hulikubali kwa urahisi zaidi, maana kurekebisha hakuwapotezei ukurasa.

Hapa lazima tugeuze shilingi tuone upande wa pili, kwa sababu silaha ya kufuta haiko mikononi mwa kinyozi peke yake.

Februari 2023, BBC kupitia Africa Eye na Panorama ilirusha uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walieleza kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao, katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Wapo waliorekodiwa. Sasa jiulize: miaka kumi baadaye, msimamizi aliyetajwa akiomba Google iondoe jina lake, akidai habari imepitwa na wakati na inamharibia maisha, tumpe? Na mwanamke aliyezungumza, ambaye jirani yake amemtambua kwa sauti, akiomba sehemu yake itolewe, tumnyime?

Kwangu mimi maombi hayo mawili hayalingani hata kidogo, ingawa yanatumia fomu moja. Sheria yetu imeacha nafasi kwa uandishi wa habari pale uchapishaji unapokuwa kwa manufaa ya umma, na nafasi hiyo isiminywe. Ulaya walikutana na mvutano huu mapema. Mhispania Mario Costeja González alikuta jina lake kwenye Google likielekeza kwenye matangazo ya 1998 ya gazeti la La Vanguardia, kuhusu mnada wa mali yake kwa ajili ya deni lililokwisha kumalizwa. Tarehe 13 Mei 2014 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua Google iweze kulazimishwa kuondoa matokeo hayo yanapotafutwa kwa jina lake, huku kumbukumbu ya gazeti ikibaki mahali pake. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ikasema sheria yao haiilazimishi Google kuyaondoa matokeo duniani kote. Hukumu hizo hazitufungi sisi, ila zinaonyesha kwamba kuondoa kwenye orodha na kufuta habari ni mambo mawili, na mara nyingi la kwanza linatosha.

Tofauti hiyo ingewafaa sana watu wa huku kwetu kwa jambo ambalo halizungumzwi. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Kericho, na hukumu zake huchapishwa mtandaoni na Kenya Law, kama inavyopasa. Mchunaji chai aliyeumia mgongo au aliyefutwa kazi, akashtaki, jina lake kamili linakaa humo pamoja na maelezo ya jeraha lake. Hukumu isifutwe, hilo halina mjadala. Lakini mwajiri mwingine akiandika jina la mtu huyo kwenye Google na kitu cha kwanza kuona ni kwamba aliwahi kushtaki kampuni, atamwita kwenye mahojiano? Hukumu inaweza kubaki wazi kwa mawakili, wanahabari na wanafunzi wa Kabianga bila kuwa tangazo la kwanza chini ya jina la mfanyakazi. Mahakama zetu zinaweza kutumia herufi za kwanza za jina, kama zinavyofanya kwenye kesi za watoto. ODPC nayo ianzie nyumbani: maamuzi yake huchapishwa kwenye tovuti yake, na mengi yana jina la mlalamishi. Unalalamika utolewe kwenye orodha moja, unashinda, unajikuta kwenye nyingine.

Serikali, kwa upande wake, haijakosa haraka inapotaka jambo litoke mtandaoni. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, yanayopanua mamlaka ya kuzima tovuti, na baadhi ya vipengele vyake vikasimamishwa na Mahakama Kuu muda mfupi baadaye. Nguvu ya kuzima ipo basi. Kwa mwenye kinyozi hesabu ni siku 14 za kusubiri jibu na siku 90 za uchunguzi, jumla 104, na hapo saraka iwe inapatikana. Kama Kamishna angeandaa orodha ya saraka zinazolalamikiwa mara kwa mara na Wakenya, akazungumza moja kwa moja na kampuni za utafutaji na zile zinazozipa saraka hizo matangazo, angefanya kwa siku moja kazi ambayo maelfu ya fomu za mtu mmojammoja haziwezi. Pesa ya matangazo ikikatika, mwenye saraka asiye na anwani hupata anwani haraka sana.

Wakati huo haujafika. Kwa hivyo ukituma ule ujumbe leo, weka alama kwenye kalenda ya simu yako, siku ya kumi na tano. Kama hawajajibu, fungua tovuti ya ODPC asubuhi hiyo, ambatisha picha za skrini, na uombe jina lako liandikwe kwa herufi za kwanza tu.